Barua za Oktoba na Kiwanja cha Majengo: Jinsi Mwambao Ulivyoingia Kenya

Assalamu alaykum. Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama mlangoni, nawaamkia nyote kwa heshima, kila mtu kwa dini yake na kwa kwao.

Nimeombwa nizungumze juu ya mkataba wa tarehe 8 Oktoba 1963, ule uliouingiza Mwambao wetu ndani ya Kenya. Nimefundisha historia zaidi ya miaka 30, na miaka yote hiyo nilikuwa nikiupita mkataba huu kwa sentensi mbili, kwa kuwa kitabu cha darasani nacho kiliupita hivyo hivyo. Nina deni kwa wanafunzi wangu, na naona baadhi yao wamo humu ndani. Leo nataka nianze kulilipa.

Naanzia nyumbani kwetu, Majengo, hapa Mombasa.

Mimi ni mtoto wa pande mbili. Kwa baba ni Waswahili wa Mji wa Kale, kwa mama ni Wagiriama wa Kilifi. Oktoba 1961 nilikuwa mchanga mno kukumbuka kitu, lakini marehemu mama alinisimulia mara nyingi hata nikawa naona kama nilikuwepo. Mwezi ule Sir James Robertson alikuwa amekuja Pwani. Huyu ndiye aliyekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria wakati nchi ile ikipata uhuru mwaka 1960. Serikali ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar walikuwa wamemtuma kwa pamoja aje awasikilize wenyeji: uhuru wa Kenya unakaribia, je, huu ukanda wa maili kumi uende wapi?

Asubuhi moja baba yangu mkubwa akaja kwetu na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua. Mjomba, aliyekuwa kuli bandarini Kilindini, alikuwa amelala kwetu usiku ule. Wote wawili walikuwa wanakwenda kutoa maoni, na kila mmoja alikuwa na karatasi yake mfukoni. Mama akawawekea chai na mahamri barazani. Baba mkubwa akasema, "Hawa wa bara wakishika serikali, watatumeza." Mjomba hakuinua macho kwenye kikombe. Akasema, "Sisi tulimezwa kitambo, bwana. Tunataka kutapikwa."

Mama alisema hawakupigiana kelele. Walimaliza chai, wakavaa viatu, wakatoka pamoja kama shemeji wanaoheshimiana. Lakini kilichomkaa mama moyoni ni kwamba katika mazungumzo yote yale ya Sultani, na Kenyatta, na Ngala, na bendera, hakuna aliyetaja kiwanja. Nyumba ilikuwa yetu: vyumba sita, ukumbi katikati, kuta za fito na udongo, paa la makuti. Kiwanja kilikuwa cha mtu mwingine. Mwisho wa mwezi mkusanya kodi akaja na kitabu chake cha risiti, kama alivyokuja mwezi uliotangulia.

Hilo la kiwanja nawaomba mlishike. Nitalirudia.

Sasa, huu ukanda wenyewe ulitoka wapi? Mwaka 1886 Uingereza, Ujerumani na Ufaransa walileta tume kuipima nchi ya Seyyid Barghash. Mjumbe wa Uingereza alikuwa Kitchener, yule ambaye baadaye jina lake lilivuma huko Sudan. Sultani, mwenye nchi, hakuwa na kauli katika tume iliyopima nchi yake. Mwisho wake Waingereza na Wajerumani wakakata shauri: cha Sultani ni visiwa vyake na pwani ya kuanzia upande wa Mto Ruvuma hadi Kipini, kina cha maili kumi za baharini kuingia bara, pamoja na bandari kadhaa za kaskazini. Kilichobaki nyuma ya hapo watagawana wao. Barghash akalazimika kukubali.

Maili kumi! Huo si mto, si mlima, si mpaka wa kabila wala wa soko. Ni kipimo cha rula kwenye karatasi. Kilipita katikati ya Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo na wenzao, kama kisu: huyu akawa mtu wa Sultani, nduguye wa nyuma ya kilima akawa mtu wa Kampuni ya Waingereza, na baadaye wa mfalme wa Uingereza. Mnazi haujui maili kumi, na ng'ombe anayekwenda kunywa maji hajui. Lakini kila mazungumzo yaliyofuata, mpaka yale ya 1963, yalifanywa juu ya mstari ule kana kwamba uliteremshwa kutoka mbinguni.

Mwaka uliofuata, 1887, Barghash akaikodishia Kampuni hiyo, ya Mackinnon, upande wa kaskazini kwa miaka 50. Upande wa kusini Wajerumani waliununua moja kwa moja, kwa alama milioni 4. Kampuni ikashindwa kazi, na hapo ndipo tunafika kwenye mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, kati ya serikali ya Uingereza na Sultani Hamed bin Thuwaini. Uingereza ikachukua utawala wa pwani hii. Sultani akabaki na enzi, yaani jina na bendera. Malipo yakawa pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 za kodi na 6,000 za riba. Riba ya nini? Kampuni ilitaka ilipwe fidia ndipo iondoke, na sehemu kubwa ya fidia hiyo ilitoka kwenye zile fedha za Sultani, alizolipwa na Wajerumani kwa pwani ya Tanganyika. Yaani pwani iliyouzwa ndiyo iliyogharamia kuhamishwa kwa pwani iliyokodishwa. Nikiwafundisha hilo wanafunzi, hunyamaza kidogo, kisha mmoja huuliza, "Na watu walioishi huko, mwalimu, walipewa nini?"

Waliahidiwa. Dini yao itaheshimiwa, sheria zao na makadhi wao watabaki. Na wala si wote waliokubali: mkataba ule ukitiwa saini, Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi alikuwa porini akipigana na Waingereza, na hakushindwa mpaka mwaka uliofuata, alipokimbilia kwa Wajerumani.

Mwaka 1920 Waingereza wakaibadilisha bara kuwa Koloni la Kenya. Pwani hawakuweza, kwa kuwa haikuwa yao, wakaiita Himaya ya Kenya. Serikali moja, gavana mmoja, reli moja, lakini kwa sheria nchi mbili. Wazee humu mnaikumbuka bendera nyekundu ya Sultani ikipepea pale Ngomeni. Mnawakumbuka maliwali na mamudiri, maafisa wa utawala wa hapa Pwani. Kwa mtu kama baba yangu mkubwa ile bendera haikuwa kitambaa. Ilimwambia kwamba yeye si mtu aliyetekwa, ana mkataba. Na mkataba, kwa watu wa biashara na dini, ni jambo zito.

Lakini mjomba alipoitazama bendera ile ile aliona kitu kingine, na hapa naomba subira yenu, kwa sababu ndipo penye kidonda.

Utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda huu mwaka 1907, na waliolipwa fidia walikuwa mabwana. Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baadaye, ikatoka sheria ya hati za ardhi. Kila anayedai ardhi katika ukanda wa Sultani alitakiwa aje mbele ya msajili, alete ushahidi, alete mashahidi, apewe hati. Ardhi isiyopata mwenyewe ikawa ya serikali ya mfalme wa Uingereza.

Fikirini nani angeweza kwenda. Aliyejua kusoma na kuandika. Aliyekuwa na wasia wa babu, hati ya kadhi, jamaa wa kumshuhudia, nauli ya kwenda mjini na kurudi. Wakaenda Waarabu, wakaenda baadhi ya Waswahili wa koo kubwa, wakaenda Wahindi waliokuwa wamenunua. Mtu aliyeachwa huru mwaka jana angekwenda na nini? Mgiriama au Mdigo, ambaye ardhi yake ni ya ukoo, isiyo na jina la mtu mmoja wala karatasi, angesema nini mbele ya msajili? Wagiriama hata zile ardhi nzuri za ng'ambo ya kaskazini ya Mto Sabaki walifukuzwa mwaka 1914, baada ya vuguvugu la Mekatilili wa Menza, na nyumba zikachomwa. Babu yake mjomba alikuwa miongoni mwa waliovuka mto na watoto mgongoni.

Desturi yetu ya kale ilikuwa na upana. Mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya mwingine. Mtu akiomba mahali pa kujenga, hupewa. Huleta kitu kidogo cha heshima, wakaishi. Mnazi wako unaweza kuurithisha. Sheria ya 1908 haikuiona desturi hiyo. Iliona mwenye hati na asiye na hati. Aliyekuwa jirani akawa mpangaji, na baadaye likaletwa jina la kumwita mwana wa hapa hapa: skwota.

Kwa hiyo mjomba aliposema "tulimezwa kitambo" hakuwa akitukana mtu. Alikuwa akisema tarehe.

Na baba mkubwa naye hakuwa mjinga wala mwenye kiburi, kama ambavyo siku hizi watu huwasema wale wa Mwambao. Alikuwa ameona kwamba katika Kenya ya kura moja kwa mtu mmoja, watu wake ni wachache mno. Alijiuliza: makadhi watabaki? Mtoto wangu atasoma Kurani shuleni? Hati ya kiwanja cha babu itaheshimiwa na serikali ya Nairobi? Ndiyo maana vyama vya Mwambao vilipata wafuasi, ndiyo maana watu kama Omar Basaddiq na Sheikh Abdilahi Nassir walisimama wakasema: tuachieni nchi yetu ijitawale, au angalau mtuulize kwanza. Huyo Sheikh Abdilahi wengi wenu mlimjua uzeeni kama mwanachuoni. Ujana wake alikuwa mwanasiasa wa jambo hili.

Upande wa pili alisimama Ronald Ngala, mwana wa Giriama, kiongozi wa chama cha KADU. Na chama cha KANU, wakiongozwa na Kenyatta aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kizuizini Agosti 1961, walikuwa na neno moja tu: Pwani ni Kenya, basi. Ngala alisema hivyo pia, lakini aliongeza majimbo: Pwani iwe ndani ya Kenya, na ijisimamie mambo yake, ardhi ikiwemo. Mjomba alimfuata Ngala kwa sababu hiyo. Alisema mara nyingi kwamba Sultani hamtaki na Nairobi haiamini.

Robertson akasikiliza, akarudi, na mwisho wa mwaka 1961 ripoti yake ikatoka. Pendekezo lake: ukanda uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru, Sultani alipwe fidia, na dini, makadhi na hati za ardhi vilindwe kwenye katiba. Kwa Waingereza hesabu ilikuwa wazi. Bandari ya Kilindini na reli inayoanzia pale ndiyo njia ya Kenya na Uganda kwenda baharini. Hawakuwa tayari kuona mlango uko nchi moja na nyumba iko nchi nyingine.

Mkutano wa Machi 1962 pale Lancaster House, London, nitaupita haraka, kwa sababu haukuamua. Walikwenda wajumbe wa Pwani, walikwenda watu wa Sultani, walikuwepo KANU na KADU waliokuwa huko tayari kwa katiba ya Kenya, na Waziri wa Makoloni, Reginald Maudling, akawasikiliza. Jambo likawekwa kiporo. Kwa wanaotaka kujitenga, kuwekwa kiporo kulikuwa ni kushindwa, maana saa ilikuwa ikienda upande wa Nairobi. Mei 1963 ukapigwa uchaguzi. KANU wakashinda nchi, KADU wakachukua Pwani, na Ngala akawa rais wa bunge la jimbo. Juni 1 ikawa Madaraka, yaani Kenya kujitawala mambo yake ya ndani. Julai, Zanzibar ikapata Sultani mpya, Jamshid bin Abdullah, kijana aliyekuta mezani jambo ambalo wakubwa wake hawakulimaliza.

Nataka tukae kwenye siku nne: tarehe 5 hadi 8 Oktoba 1963.

Tarehe 5 Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walibadilishana barua. Tarehe 8 ukatiwa saini mkataba wenyewe kati ya Uingereza, Sultani, serikali ya Kenya na serikali ya Zanzibar: siku Kenya itakapokuwa huru, ukanda utaacha kuwa nchi ya Sultani na utakuwa sehemu ya Kenya, na makubaliano ya 1895 yatakoma. Mkataba ni mfupi sana. Vilivyoahidiwa watu vimo kwenye barua.

Nimezisoma barua hizo mara nyingi, kwa Kiingereza chake, na nimejaribu kuzitia kwenye Kiswahili ili mama aelewe kabla hajafa. Zina mambo matano. La kwanza, kila mtu atakuwa huru katika dini yake, na hasa raia wa Sultani wenye dini ya Kiislamu na dhuria wao watahakikishiwa hilo. La pili, mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yatahifadhiwa katika mambo ya hadhi ya mtu, kama ndoa, talaka na mirathi, ikiwa pande zote ni Waislamu. La tatu, katika sehemu ambazo Waislamu ndio wengi, maafisa wa utawala watakuwa Waislamu, "kadiri itakavyowezekana". La nne, watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu, "kadiri itakavyowezekana", na ruzuku iliyokuwa ikitolewa kwa shule zao za msingi hapa Pwani itaendelea. La tano, hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa siku zote, na haki za wenye hati zitalindwa. Serikali ikiitaka ardhi kwa manufaa ya umma, italipa fidia kamili na kwa haraka.

Nilipofika hapo mama aliniuliza, "Basi?" Nikamwambia, basi.

Tazameni maneno yalivyowekwa. Kiarabu: kadiri itakavyowezekana. Maafisa: kadiri itakavyowezekana. Hilo ni neno la mtu anayeacha mlango wazi ili atoke usiku. Lakini kwenye hati za ardhi halipo. Pale limetumika "siku zote", na fidia ni kamili, na ni ya haraka. Ukiniuliza mimi ni ahadi gani iliyoandikwa kwa mkono usiotetemeka, nitakuonyesha hiyo ya tano. Ndiyo ahadi ya mwenye hati. Na nani mwenye hati? Yule aliyekwenda mbele ya msajili kuanzia 1908, au aliyenunua kwake. Mwenye minazi bila hati, mwenye nyumba bila kiwanja, mwenye kaya bila karatasi, hakutajwa hata kwa "kadiri itakavyowezekana".

Sisemi kwamba Shamte na Kenyatta walikaa wakapanga kumdhulumu bibi yangu. Sidhani hata walimfikiria. Kila mmoja alikuja na hofu ya watu wake mfukoni. Shamte alikuwa na hofu ya baba mkubwa: dini, makadhi, hati. Kenyatta alikuwa na hofu ya nchi kukatwa mguu, na bandari kwenda. Hofu ya mjomba haikuwa na mbebaji mezani, kwa sababu wote waliona mjomba ameshapata alichotaka: bendera ya Sultani inashuka. Wakadhani hilo ndilo lote. Mjomba mwenyewe alidhani hivyo. Usiku wa tarehe 12 Desemba alicheza ngoma mpaka alfajiri, na haki yake.

Kisha ikaja Januari.

Zanzibar ilikuwa imepata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili kabla yetu. Tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja kamili baada ya ukanda kuingia Kenya, mapinduzi yakaiangusha serikali ya Shamte na kiti cha Sultani kwa pamoja. Jamshid akapanda meli yake akakimbia, akaja huku kwetu. Kenya ikamkatalia kushuka Mombasa. Fikirini: miezi mitatu tu nyuma mji huu ulikuwa wake kwa mkataba, na sasa hapewi hata gati ya kukanyaga. Akageuza kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko Uingereza, akaishi Portsmouth miaka mingi. Amefariki Muscat mwisho wa mwaka 2024.

Waswahili tunasema ahadi ni deni. Lakini deni lina anayedai na anayedaiwa. Barua ile mdaiwa wake alikuwa serikali ya Kenya, na mdai wake alikuwa serikali ya Zanzibar. Mdai akaondoka duniani kabla wino haujapoa. Aprili mwaka ule ule Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Waliohusika kweli, yaani watu wa Pwani, majina yao hayakuwa kwenye barua. Walikuwa wakizungumziwa. Ndipo nasema kosa lilianza mapema zaidi ya Januari. Ahadi kwa ajili ya watu ilipewa mtu mwingine aishike kwa niaba yao, na yule mtu akaanguka nayo.

Ile kinga ya pili, majimbo ya Ngala, haikudumu. Novemba 1964 KADU ikajivunja, ikaingia KANU, na Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba ile majimbo yakafumuliwa. Ngala akawa waziri baadaye, akafa kwa ajali ya gari mwaka 1972. Mjomba aliweka picha yake ukutani mpaka karatasi ikawa ya manjano.

Kuna ahadi iliyobaki hai, nayo ni ya makadhi. Ilibaki kwa sababu iliingizwa kwenye katiba yenyewe, si kwenye barua tu. Mwaka 2010, tulipokuwa tukijadili katiba mpya, nilisikia watu wema kabisa wakiuliza kwa nini Waislamu wanapewa zawadi. Haikuwa zawadi. Ilikuwa sehemu ya bei ya ukanda huu kuingia Kenya. Someni Ibara ya 170 ya katiba ya sasa, kisha someni barua ya 1963: hadhi ya mtu, ndoa, talaka, mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu. Ni maneno yale yale, yamezeeka na sisi.

Sasa nizungumze na vijana. Nimewasikia mkisema kwamba mkataba wa Pwani ulikuwa wa miaka 50 na umekwisha. Nawaelewa mnakotokea, mtu aliyekosa ardhi hushika chochote chenye muhuri. Lakini mwalimu wenu asiwadanganye. Mkataba wa 1963 hauna muda wa kwisha. Ile miaka 50 ni ya Kampuni, mwaka 1887, na Kampuni yenyewe haikufika hata miaka kumi. Ukienda mahakamani na tarehe isiyokuwepo, watakucheka, kisha watakataa kukusikiliza hata kwenye lile ulilo na haki nalo. Na haki ipo. Haiko kwenye bendera, iko kwenye ile sheria ya 1908 na kile kifungu cha tano. Hapo ndipo pa kuwekea kidole.

Najua pia wako wanaotaka kulifanya jambo hili liwe la Mwarabu na Mmijikenda, au la mtu wa Pwani na mtu wa bara. Mimi siwezi, kwa sababu ningelazimika kujikata katikati. Na nawaambia, hata familia za upande wa baba yangu, zilizopata hati, nyingi ziliuza kitambo kwa shida za mirathi na karo. Hati zilikwenda mikononi mwa watu tusiowajua sura. Baba mkubwa, aliyekwenda kwa Robertson kulinda hati ya babu yake, alikufa akiwa mpangaji Tudor.

Nimalizie kwa bibi, mama yake mama. Shamba lake lilikuwa upande wa Takaungu, si mbali na bahari. Bibi hakuwahi kutaja ekari. Ukimuuliza shamba lina ukubwa gani, alikuwa akikwambia, minazi 41, mikorosho 9, na mwembe wa marehemu. Alijua ni mnazi upi ulipandwa siku aliyozaliwa nani. Mnazi wangu mimi ulikuwa wa tatu kutoka kisimani, umepinda kidogo kuelekea baharini, na alikuwa akinikaripia mimi ukichelewa kuzaa.

Siku moja nilipokuwa likizo, nikiwa kidato cha pili, wakaja watu watatu na mnyororo wa kupimia na mawe ya mpaka ya saruji. Walikuwa na adabu, waliomba maji ya kunywa, na bibi akawapa madafu. Jiwe moja wakalichimbia baina ya kisima na ule mnazi wangu. Bibi akauliza, "Hili ni la nini, wanangu?" Mmoja akamwambia, "Ni mpaka, bibi. Mwenye shamba ameuza." Mwenye shamba! Bibi alitazama nyuma yake, akidhani kuna mtu mwingine amesimama.

Hatukuwahi kumwona huyo aliyeuza wala aliyenunua. Alilipwa kitu kidogo kwa minazi, kwa hesabu ya mti mmoja mmoja, na hapo angalau ile desturi ya kale ilikumbukwa. Akaja kuishi nasi Majengo, kwenye nyumba isiyo na kiwanja.

Alipofariki tulikuta kopo la biskuti chini ya kitanda. Ndani mna risiti za kodi ya shamba, ndogo ndogo, za rangi ya waridi, nyingine zimeliwa na mende. Ya zamani kabisa ni ya 1938. Ya mwisho ni ya mwezi ule ule waliokuja wapimaji. Alilipa kila mwezi na hakutupa hata moja, yeye ambaye hakujua kusoma. Ninalo kopo hapa, atakaye kuona aje mbele baada ya swala.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya alasiri, tutakutana humu humu tuzisome barua za Oktoba neno kwa neno, kwa Kiswahili. Nimepiga nakala. Nawaomba kila mmoja apekue nyumbani: chini ya kitanda, ndani ya kasha, katikati ya msahafu au biblia ya babu. Mkiona risiti ya kiwanja au ya shamba, hata iliyoraruka, msiitupe. Njooni nayo. Tutaandika jina la aliyelipa, mahali, na mwaka, tuone orodha inafika wapi.